Kaunta yangu inaruka namba na simuleta inasema iko sawa, nakosea wapi? Na je niingie kwenye kudizaini bodi au bado?

mtoto_wa_Kimara

Wakuu habari za jioni. Niko mwaka wa pili elektroniki, chuo sikitaji wasije wakanijua. Shida yangu ni kwamba darasani niko vizuri tu, majedwali ya ukweli napiga, ramani ya Karnaugh ya vigeu vinne nakuchorea huku nakula, De Morgan sijui nani wote wamekaa kichwani, mtihani wa kuandika sijawahi kupata sapu. Ila nikiingia maabara nakuwa kama mtu kashushwa stendi ya Magufuli saa nane usiku hajui hata daladala ziko upande gani. Kiti ya mazoezi (yaani seti ya vifaa, sio ya kukalia) ni moja watu tisa, kuna jamaa mmoja kila wiki ndo anachomeka waya, sisi wengine tumeshika karatasi tunasubiri LED iwake tuandike 1. Ripoti tunapika. Naona aibu kusema ila ndo ukweli wenyewe.

Bumu lilipoingia nikaenda Kariakoo nikanunua bredibodi (ule ubao wa matundu wa kuchomeka vifaa bila kulehemu), waya, IC moja (chipu) ya kuhesabu CD4026 na ile disiplei ya vipande saba katodi ya pamoja, nikasema nitengeneze kaunta ya kuhesabu abiria, konda akibonyeza batani mara moja namba inapanda moja. Kwenye simuleta inaenda safi kabisa. Kwenye bredibodi ni vituko. Nabonyeza mara moja inatoka 2 inaenda 5, mara nyingine 2 inaenda 3 vizuri tu, na kilichonichosha zaidi nikisogeza mkono karibu bila kugusa chochote inarudi 0. Mdogo wangu anasema ina jini na ameshahama chumba.

Maswali yangu, hii IC nimepigwa ni feki? Halafu nina ndoto ya kudizaini bodi zangu mwenyewe, je niachane na bredibodi niingie KiCad, ile softiwea ya kuchora bodi, nichore nitume China wanitengenezee au bado sijafika huko?

Nawasilisha.

Nimekaa_Pale

Ngoja waje wataalamu. Nipo pale kwenye kona.

jembe_la_Sinza

Dogo nakushauri kama kaka, hizo IC za namba namba ni za enzi za baba zetu, chukua Arduino moja, ile bodi ndogo ya kompyuta, andika mistari kumi ya kodi umemaliza, batani ikiruka unaweka dilei ya milisekunde 50 maisha yanaendelea. Saivi dunia iko huko, utakaa na mageti ya mantiki mpaka lini.

Babu_wa_Redio

Jembe sikupingi, Arduino ninayo na naipenda. Lakini umemwambia kijana aweke dilei bila kumwambia inatibu nini, hiyo ni kumpa panadol mtu anayeumwa jino.

Mwanangu wa Kimara IC yako sio feki na jini hamna. Una magonjwa mawili tofauti yamekaa kwa mgonjwa mmoja ndo maana kichwa kinakuuma. Nikuulize, mguu namba 15 umeupeleka wapi? Naweka dau la soda kwamba uko hewani, kwa sababu simuleta nyingi mguu usiounganishwa zinauchukulia ni sifuri na wewe ukaona kazi imekwisha. Kwenye maisha ya kweli mguu wa hewani sio sifuri wala sio moja. Hizi CD4000, ukoo wa hiyo IC yako, ni CMOS, inputi yake haihitaji mkondo wowote wa maana kubadilika, basi hata umeme kidogo unaookotwa na mwili wako kutoka kwenye nyaya za ukutani unatosha. Mkono wako ni antena mwanangu, nyumba nzima imejaa herzi 50 za Tanesco na wewe unatembea nazo. Na 15 ndo riseti. Mkono ukisogea IC inaona mtu kaomba irudi sifuri, inatii.

Kwa hiyo 15 peleka graundi, ukitaka batani ya riseti weka rezista ya kilo-ohm 10 kwenda graundi na batani kwenda chanya. Mguu wa 2 nao graundi, huo ukipanda juu unasimamisha kuhesabu. Mguu wa 3 peleka chanya, huo ndo unaruhusu disiplei kuwaka. (Familia ya 74LS mguu wa hewani huwa unajifanya 1, wazee wengi tumedeka kwa hilo, usituige.)

Ugonjwa wa pili ni batani yenyewe. Ndani kuna vipande viwili vya chuma, vikikutana havitulii hapo hapo, vinadunda kama gololi iliyodondoka kwenye sakafu ya saruji, tak tak tak ndo inatulia. Inachukua milisekunde chache tu, wewe huwezi kuona wala kusikia, ila hiyo kaunta inaweza kuhesabu mapigo zaidi ya milioni kwa sekunde, kwake milisekunde ni siku nzima. Umebonyeza mara moja yeye kaona mara tatu, na wala hajakosea kuhesabu.

Dawa ya haraka, batani kwenda chanya, rezista kilo-ohm 10 kutoka mguu wa 1 kwenda graundi na kapasita ya mikrofaradi 1 sambamba nayo. Hiyo inashikilia volti kama milisekunde 10 hivi chuma kikidunda. Lakini mimi ningetaka ufanye ile ndefu, tafuta swichi ya njia mbili, IC moja ya NAND (geti linalotoa 0 pale tu inputi zake zote zikiwa 1), rezista mbili, uunganishe mageti mawili autiputi ya hili inaingia kwenye inputi ya lile na ya lile inarudi kwa hili. Sio kwamba ni lazima kwa kazi yako. Ni kwa sababu hapo ndo utaona kwa macho yako vitu viwili visivyo na akili vikishikana mikono vinaanza kukumbuka. Memori yote ya kompyuta unayoisoma darasani mlango wake ni huo.

Tahadhari moja na hii imenilia Jumamosi nzima enzi hizo. CD4011 na 7400 zote ni NAND nne, zote miguu 14, zote chanya 14 graundi 7, mtu anaona mapacha. Geti la kwanza kweli ni sawa, 1 na 2 zinaingia 3 inatoka. La pili, 7400 inatoa kwenye 6, CD4011 inatoa kwenye 4. Ukitumia mchoro wa moja kwa nyingine unakuwa unasukuma umeme kwenye autiputi. Soma datashiti, ile karatasi ya maelezo ya IC, ya namba ile ile uliyoshika mkononi, sio ya jamaa yake.

Na hayo mageti usiyaone ni ya vitabuni tu. Ile taa ya ngazi kwenye ghorofa, swichi moja chini moja juu, ukigeuza yoyote taa inabadilika, hiyo ni XOR, fundi umeme wa mtaani anaifunga bila kujua jina lake. Swichi mbili zimefuatana ni AND, zimesimama sambamba ni OR. Kijana mmoja wa Kimarekani Claude Shannon mwaka 1937 aliandika tasnifu ya shahada ya pili pale MIT kuonyesha kwamba swichi na rilei (swichi inayovutwa na sumaku ya umeme) unaweza kuzikokotoa kwa aljebra ya Boole, ile hesabu ya 0 na 1. Alianzia kwenye rilei za kugonga tak tak, hakuanzia kwenye kompyuta.

jembe_la_Sinza

Haya babu nimenyoosha mikono. Ila basi aende FPGA moja kwa moja, mageti elfu kadhaa kwenye chipu moja, aandike Verilog, ile lugha ya kuelezea sakiti kwa maandishi.

Babu_wa_Redio

Aende, ni nzuri sana, akimaliza hapa. Batani iliyodunda kwenye bredibodi itadunda vile vile kwenye FPGA, Verilog haimlainishii chuma.

dada_wa_leyauti

Nadizaini bodi kwa ajira, kwa hiyo nijibu hiyo ya pili. Ingia KiCad leo, ni ya bure, inakubali laptop ya kawaida, lakini usitume China kwanza. Chora hiyo hiyo kaunta yako, hiyo moja tu, ambayo umeshaiona ikikataa na unajua kwa nini ilikataa. Ukichora kitu usichowahi kukishika utakuwa unachora picha.

Kinachowaua wengi sio kupitisha njia za kopa, ile ni kama mchezo wa fumbo na inanoga mpaka unasahau kula. Kinachoua ni fatuprinti, yaani kuambia softiwea kwamba alama hii ya transista kwenye skematiki (mchoro wa sakiti) ina umbo hili na miguu iko kwa mpangilio huu. Bodi yangu ya kwanza kulipia niliweka fatuprinti ya BC547 halafu dukani nikapata 2N3904, nikasema si zote NPN zote zina umbo moja. Ukiangalia upande bapa BC547 ni kolekta, besi, emita. 2N3904 ni emita, besi, kolekta. Bodi kumi. Softiwea ilikagua ikasema hamna kosa hata moja, kwa sababu yenyewe inakagua kama umeunganisha ulivyochora, haijui umenunua nini Kariakoo. Transista nilizigeuza zikaangalia nyuma zikafanya kazi, ila mpaka leo mchoro mweupe juu ya bodi unaonyesha kinyume na kila anayeziona ananiuliza.

Tangu siku hiyo nina tabia moja, kabla ya kutuma chochote naprinti leyauti kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, naiweka juu ya sponji, nachomeka vifaa vyote kwenye karatasi kama vile nataka kuvilehemu. IC isipoingia kwenye karatasi haitaingia kwenye bodi.

Na kwa kuanzia tengeneza ya kwanza mwenyewe nyumbani kwa pasi. Unaenda steshenari yoyote yenye printa ya leza (ya wino haifai, inayoganda ni ule unga), unaprinti kwenye karatasi ya kung'aa, unasugua bodi ya kopa kwa stili waya mpaka ing'ae, unaweka karatasi kifudifudi unapiga pasi ya moto bila mvuke, unaloweka kwenye maji unamenya pole pole. Halafu unaichovya kwenye feriki kloraidi inakula kopa yote isiyofunikwa na unga. Njia zako ziwe nene, milimita moja hivi, usijifanye kiwanda.

Pale steshenari simama nyuma ya yule dada na umwambie asiguse ile sehemu ya kuenea kwenye ukurasa. Mimi ilipunguzwa asilimia 3, IC ya miguu 14 ukiilazimisha inaingia kwa shida, ila ya miguu 40 ilikuwa imepishana karibu milimita moja na nusu na umbali kati ya mguu na mguu ni 2.54 tu, haiingii hata kwa dua. Siku hizi pembeni ya bodi nachora mstari wa milimita 100, napima kwa rula pale pale dirishani kabla sijalipa. Kingine usibonyeze ile ya kugeuza kama kioo. Leya ya chini kwenye KiCad tayari unaiangalia kutoka juu kana kwamba bodi inapenya macho, ukiibandika kwa pasi inajigeuza yenyewe inakaa sawa. Andika jina lako kwenye leya ya chini, kwenye karatasi lionekane kinyume, kwenye kopa lisomeke.

Na feriki kloraidi tumia beseni la plastiki, vaa glavu, dirisha wazi. Mimi nilitumia sufuria ya alumini ya mama. Ilianza kuchemka yenyewe bila jiko. Sitaki kuongelea jioni ile. Madoa yake kwenye nguo hayatoki, na ikishatumika usimwage kwenye sinki wala mtaroni, ina kopa inaua viumbe wa majini, weka kwenye chupa andika juu kwa herufi kubwa, maana rangi yake inafanana na chai ya rangi.

Nimekaa_Pale

Sufuria ilichemka bila jiko 😂😂 pole mama.

fundi_sanifu_mstaafu

Nimekaa maabara za vyuo miaka mingi kama fundi sanifu, kijana ulichokieleza cha watu tisa na kiti moja nakijua, na huyo jamaa anayechomeka waya kila wiki namjua pia, kila kundi lilikuwa naye. Sio mbaya, ni kwamba wengine mnamwachia kwa sababu mnaogopa kuunguza kitu. IC ya mageti ni rahisi kuliko chipsi zege, unguza.

Zamani nilikuwa nafanya mchezo. Nachukua selotepu nyembamba nakata kipande nafunika mguu mmoja wa IC, nachomeka kwenye kiti, nawaita wanafunzi naondoka. Karibu wote kitu cha kwanza walikuwa wanabadilisha IC, cha pili wanang'oa waya zote waanze upya. Ikiwaka wanashangilia na hawajui nini kilikuwa kibovu. Mara moja moja anatokea mmoja anachukua mita, anaweka ncha kwenye mguu wenyewe wa IC, sio kwenye bodi pembeni, kwenye mguu, anasoma volti, anahamia mguu mwingine, anaandika. Huyo dakika tano kanifuata na selotepu yangu mkononi.

Kwa hiyo wewe ukiwa peke yako hapo nyumbani, kabla ya kuwasha andika kwenye daftari unategemea kila mguu uwe juu au chini, kwa namba yake. Washa, pima, linganisha. Pale palipotofautiana ndo pa kukaa. Badilisha kitu kimoja tu upime tena, ukibadilisha viwili kwa mpigo hutajua kipi kilitibu. Na kikishafanya kazi kivuruge mwenyewe kwa makusudi, ng'oa kapasita, rudisha mguu wa 15 hewani uone mkono unafanya nini, hiyo hutaisahau hata ukizeeka kama mimi.

Vitu vidogo vinavyopoteza muda wa watu, zile bredibodi ndefu mstari mwekundu wa juu mara nyingi umekatika katikati, nusu ina umeme nusu haina, ukiona rangi nayo imekatika jua ndo hapo. Weka kapasita ya nanofaradi 100, ile ndogo iliyoandikwa 104, karibu kabisa na miguu ya umeme ya kila IC, hasa kama unatumia chaja ya simu ya bei rahisi maana umeme wake una makelele. Na usitumie pawabenki ukashangaa, sakiti yako inakula umeme kidogo sana, nyingi zinadhani simu imeshachomolewa zinajizima.

Huko chuoni mwambie jamaa yenu wiki ijayo yeye ashike kalamu. Atanuna siku moja.

mtoto_wa_Kimara

Wakuu nimerudi, samahani nimekaa kimya siku nne, mitihani ya majaribio. Asanteni sana kwanza.

Babu soda yako ipo, mguu wa 15 kweli ulikuwa hewani. Na wa 2 pia. Nimeshusha zote graundi, nikapeleka mkono karibu, nikaushusha mpaka nikaigusa IC, haitikisiki, mdogo wangu karudi chumbani. Halafu nikafanya alivyosema mzee fundi sanifu nikairudisha hewani makusudi, sasa hivi naweza kuirisetisha nikiwa sentimita kama kumi na hata kutumia rula ya plastiki niliyoisugua kwenye nywele, nimekuwa kama mganga.

Ile ya NAND mbili ndo ilinitoa jasho. Nilinunua CD4011 na bado, pamoja na onyo lote lile, nikafuata mchoro wa 7400 niliokuwa nao kwenye desa. Ikawa autiputi haiko juu haiko chini, mita inasoma volti mbili na kitu na IC imeanza kuwa ya moto. Nikazima. Nikaandika kwenye daftari kila mguu kama nilivyoambiwa, nikaanza kulinganisha na datashiti, kufika mguu wa 4 nikacheka peke yangu. Nikahamisha waya tatu tu. Saa saba na robo usiku nikageuza swichi, 0 ikaenda 1. Nikairudisha, nikageuza tena, 2. Niligeuza mpaka 9 mara kama ishirini hivi nikisubiri iruke, haikuruka hata moja, na nikiitoa ile swichi katikati isiguse upande wowote inabaki inakumbuka ilikotoka. Nikataka nimwamshe mtu. Umeme ukakatika. Nikasema nitumie pawabenki, ikawaka kidogo ikajizima, nikakumbuka maneno ya mzee nikalala.

Maabara juzi nimemwomba jamaa aniachie kiti, kanuna kweli.

Dada wa leyauti nimeanza kuchora KiCad, nimechora skematiki nimefika kwenye fatuprinti nikaogopa nikasimama. Beseni la plastiki nimenunua.

Swali dogo la mwisho, nataka ihesabu mpaka 99, nimenunua CD4026 ya pili. Mguu wa 5 wa ya kwanza unaingia mguu wa 1 wa ya pili, niko sahihi? Na haitaruka?

Babu_wa_Redio

Uko sahihi, na haitaruka kwa sababu autiputi ya IC haina chuma cha kudunda. Hiyo ya pili nayo ina mguu wa 15, wa 2 na wa 3, usijifanye hujasikia.

Kabla hujaiunganisha weka LED na rezista kwenye mguu wa 5 wa ya kwanza uhesabu taratibu. Utaona inawaka kuanzia 0 mpaka 4, inazima kuanzia 5 mpaka 9. Niandikie hapa kwa nini ya pili haipandi ya kwanza inapofika 5. Soda yangu niletee baridi.